Sikunyeshewa nje, nimenyeshewa ndani

Haya jamani, kwa kuwa yule Msimba, shabiki wa Simba, keshawarushia video yangu nilivyoloa kwenye grupu, wacha na mimi niongee maana kuna mahali kaongeza chumvi. SIKUANGUKA. Niliteleza tu.

Ilikuwa pale Kensington Gardens, lile banda la muda la jumba la sanaa la Serpentine la mwaka 2017, la msanifu majengo Francis Kéré. Tumetoka harusini, mi nimepiga kanzu nyeupe mpyaa, nikasema shangazi katoka Tanga juzi tu, lazima aone kazi ya Mwafrika mwenzetu hapa London. Na mdomo nikawa nao jamani, mimi fundi makabati siku hiyo nilikuwa injinia. "Shangazi, huu ni mti. Kule kwao Gando, Burkina Faso, watu wanakaa chini ya mti wanapiga stori, ndo akafanya paa liwe matawi. Na kuta hizi za bluu ndo rangi ya nguo zao za siku kubwa."

Mvua ikaanza. Watu wote wakajibana kwenye kuta, mi nikawaona waoga, nikabaki ukingoni mwa lile tundu la katikati nipigwe picha. Sasa sikia. Paa lile halijainamia nje kama mabati yetu, limeinamia NDANI, maji yote yanakuja kumwagika kwenye tundu kama maporomoko halafu yanaingia chini ya sakafu yakamwagilie bustani. Na hii nilishaisoma asubuhi. Nimeisoma!

Tone la kwanza kwenye kofia. Nikatabasamu. La pili shingoni, likashuka na uti wa mgongo taaratibu kama linaulizia nyumba ya mtu. Nikaangalia juu (usiangalie juu, nakuomba), naona ukingo umejaa unameremeta, nikasema "ala", na hiyo "ala" yenyewe sikuimaliza, pwaaaa, mdomo wazi, maji ya baridi kama ya mtungini yameingia huku yametokea huku. Kufumbua macho kanzu imenigandia mwili mzima, na ndani, kwa msiojua, nilivaa bukta ya Yanga, watani wa Simba. Kijani na njano, inasomeka. Mbele ya Msimba mwenye simu.

Banda zima kimya. Shangazi ndo akauliza, "Kumbe nyumba inavuja makusudi, baba? Na wewe ulijua?"

Basi, mtandio wa shangazi kiunoni, basi jekundu, nyumbani, mafua. Kanzu imeshakauka, grupu ndo bado. Na wewe uliyeigeuza picha ikawa stika nakujua, zile pauni ishirini zako zimeondoka na maji.