Macho ya mkaguzi hayatoshi
Makala ninayoijibu hapa inasifu masharti ya ukaguzi wa magari wa kila mwaka nchini Uingereza, yaliyokazwa tarehe 20 Mei 2018, ambapo gari la dizeli lenye kichujio cha masizi hufelishwa likitoa moshi wa rangi yoyote unaoonekana, au kukiwa na dalili kwamba kichujio kimechezewa. Lakini fundi mjanja (nao hawakosekani, kwa kuwa kichujio kipya ni ghali) hutoa kilichomo ndani na kulichomelea ganda lake vizuri, na chembe za masizi zinazopenya mapafuni ni ndogo mno kuonekana. Uholanzi, tangu Januari 2023, huzihesabu chembe hizo kwa kifaa maalumu. Kwa nini Uingereza iendelee kutegemea macho na kipimo cha weusi wa moshi?