Mizani Haijui Kama Umetembea

Saa chache baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue uzito, nesi alinisimamisha. Mkono mmoja nimeshika stendi ya dripu, mwingine nimekumbatia tumbo, nikajikokota hadi mlangoni na kurudi. Nilimchukia siku ile. Kumbe alikuwa ananikinga na damu kuganda miguuni.

Nyumbani niliendelea kutembea kwa kuwa niliagizwa. Wiki kadhaa usibebe kizito, maji kwa mafunda madogo, basi. Kilo zikaanza kupukutika, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Mizani ikishuka kila wiki bila jasho, mazoezi ya nini tena?

Ungeniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba natembea sana. Nikavaa kifaa cha kuhesabu hatua: elfu tatu na ushee. Siku nzima! Nikadhani kibovu, nikakihamishia mkono wa pili. Baadaye nikasoma kwamba watafiti waliwavisha watu waliopunguzwa tumbo vifaa vya aina hiyo, wakakuta mambo ni yaleyale: tunayosimulia ni mengi, yanayopimwa ni machache. Siuiti uongo. Mwili ukishakuwa mwepesi, hata safari ya jikoni unaihesabu.

Linaloniudhi ni jinsi kliniki zinavyoshangilia kilo peke yake. Kinachopungua si mafuta matupu. Misuli nayo inakwenda, na mifupa hupoteza uimara. Tumbo lenyewe limekatwa, kwa wengine takriban asilimia 80, kwa hiyo hata kufikisha gramu 60 za protini kwa siku ni kibarua. Na hiyo protini bila misuli kufanyishwa kazi haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Dakika kila mtu anazikariri. Zile siku 2 sijawahi kuulizwa hata mara moja.

Nilianza na kiti: kukaa na kusimama bila kushika popote, mara tano, huku magoti yakilalamika. Kisha kumi. Kisha nikiwa na chupa ya maji kila mkono, baada ya daktari kuniruhusu.

Juzi ufunguo uliniponyoka ukaingia chini ya kitanda. Nikapiga magoti, nikauokota, nikainuka. Nilishafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sikushika kitu.