Mjomba na Almasi ya Pointi 20

Fedha niliyokuwa nayo kwa ajili ya pete ya uchumba ilikuwa shilingi 1,500,000, na hapakuwa na mahali pengine pa kuchota hata senti moja. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kupingwa, kwamba desturi inamtaka mwanamume atumie mshahara wa miezi miwili. Baadaye nilisoma kwamba desturi hiyo haikuachwa na babu wa mtu yeyote. Ilitoka kwenye matangazo ya De Beers, kampuni ambayo biashara yake ni almasi hizo hizo, na tangu hapo moyo wangu ukatulia. Mwalimu wa sekondari anayedaiwa kodi ya nyumba huku mahari ikimsubiri hawezi kukubali kupangiwa matumizi na muuzaji.

Nilijiandaa ipasavyo. Nilijua kwamba karati moja ni gramu 0.2 na kwamba hugawanywa katika pointi 100, kwa hiyo jiwe la pointi 20, ambalo ndilo nililolimudu, lina uzito wa gramu 0.04 na upana usiofika milimita 4. Nilijua pia kwamba bei haiendi sambamba na uzito, kwani almasi moja ya karati kamili huuzwa ghali kuliko mbili za nusu karati zikiwekwa pamoja, na kwamba mnunuzi asiye na makuu akichagua jiwe lililopungukiwa pointi chache tu kufikia nusu karati au karati nzima, atalipa nafuu na hakuna jicho litakalomsuta. Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi kabisa hadi Z yenye umanjano, lakini umanjano mdogo wa jiwe la J humezwa ukilifunga kwenye dhahabu ya njano. Madoa ya ndani ambayo hayaonekani mpaka kwa kioo cha kukuzia mara 10 hayastahili kumnyima mtu usingizi, isipokuwa kama ana mashemeji wanaotembea na vioo hivyo mfukoni. Jambo moja tu niliapa kutolifanyia ubahili, nalo ni mkato, maana ndio unaoirudisha nuru iliyoingia kwenye jiwe na kuitawanya kwa rangi. Jiwe lililokatwa ovyo, hata liwe kubwa, hubaki limezubaa.

Kila kitu kilikuwa na fungu lake katika bajeti ile isipokuwa Mjomba.

Mjomba alikuwa ndiye mshenga wangu, na isitoshe aliwahi kufanya kazi katika mgodi wa Mwadui, kule Shinyanga, kwa hiyo katika ukoo wetu neno lake kuhusu mawe halina rufaa. Ile almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na ambayo baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6, Mjomba huihadithia kwa undani wa mtu aliyeitia mfukoni mwenyewe, ingawa mwaka huo mama yake alikuwa bado hajaolewa. Aliposikia ninakwenda kwa sonara mjini Mwanza, alipanda basi la alfajiri bila kuitwa. Alivaa suti, na mfuko mmoja wa koti ulikuwa umetuna. Sikuuliza.

Sonara alikuwa mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alitandika kitambaa cheusi, akafungua karatasi iliyokunjwa kwa ustadi, akaliweka jiwe katikati kwa kibanio. Lilikuwa la pointi 20, rangi ya I, lina kidoa kidogo pembeni ambacho kingejificha chini ya dhahabu, na mkato wake ulikuwa wa daraja la juu kabisa. Alipoliinamisha chini ya taa, vitone vya nyekundu na buluu vilirukaruka ukutani, nami nikajua pesa yangu imepata mwenyewe.

"Mpwa wangu, usitabasamu mbele ya muuzaji," Mjomba aliniambia kwa sauti ambayo muuzaji aliisikia vizuri.

Sonara, bila kukasirika, alichukua kile kifaa chao chenye ncha, akaligusa jiwe, kikalia. Akaeleza kwamba almasi hupitisha joto upesi kuliko kioo, na kifaa kinapima hilo. Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema kwamba moisanaiti, jiwe linalofanana sana na almasi, nayo hupitisha joto, na kifaa cha aina ile hudanganyika nayo. Na ukweli lazima usemwe, katika hili hakukosea. Sonara alikiri, akataka kuleta kifaa cha pili, lakini Mjomba alikwisha kuingiza mkono kwenye ule mfuko uliotuna. Alitoa kopo la mafuta ya mgando.

"Migodini," alisema, akilifungua taratibu, "hatupimi kwa betri."

Kisha akatoa somo, nalo lilikuwa la kweli. Almasi haipendi maji bali inapenda mafuta. Kwa miaka mingi wachimbaji walikuwa wakipitisha mchanga na kokoto pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe ya kawaida yaliyolowa yaliteleza yakaenda zao, na almasi, ambayo maji hayaishiki, ilinata ikabaki. Sonara alimkumbusha kwa adabu kwamba kwenye mafuta ya mgando hata punje ya mchele hunata. Mjomba alijibu kwamba punje kavu ndiyo hunata, na ndiyo sababu anaomba sahani yenye maji.

Kwa nini sonara alikubali, sijui mpaka leo. Nadhani ni uungwana tu. Sahani ililetwa, jiwe likatumbukizwa, na Mjomba akakunja mkono wa suti, akapaka mafuta kwenye kidole gumba mpaka kikameremeta, akakibonyeza ndani ya maji. Kilipotoka juu, almasi yangu ilikuwa imesimama kwenye ncha ya kidole, kavu na yenye fahari. Mama mmoja aliyekuwa akichagua hereni alipiga makofi. Mjomba alikiinua kidole ili hata mlinzi wa mlangoni aone.

Hapo umeme ukakatika.

Duka lile halikuwa na dirisha, na pangaboi liliposimama joto la mchana lilitushukia kama blanketi. Tulisikia mlinzi akihangaika na jenereta huko nyuma. Tulimsikia pia Mjomba akihema, akisema "joto hili," akijifuta. Jenereta lilipowaka na taa zikarudi, kidole gumba cha Mjomba kilikuwa bado kimeinuliwa juu kwa ushujaa ule ule, lakini juu yake hapakuwa na kitu.

"Mtu asitembee," alisema sonara, na upole wake wote ulikuwa umekwenda na umeme.

Mlinzi aliteremsha geti la chuma. Tukapiga magoti, mimi, sonara, yule mama na kijana mmoja aliyekuwa amekuja kuuza mkufu uliokatika, tukamulika sakafu kwa tochi za simu. Maji ya sahani yalichujwa kwa leso yangu. Mjomba alivuliwa viatu, vikakung'utwa, soksi zikageuzwa, na kopo la mafuta likachokonolewa kwa kijiti mpaka chini. Ufagio ulipigwa marufuku, pangaboi likazimwa lisije likapeperusha kitu. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu kichwani: kama jiwe halionekani nitalilipa, na nikililipa sitabaki na pesa ya dhahabu, na nitalazimika kumvisha mchumba wangu simulizi.

"Mzee wangu," sonara aliuliza akiwa chini ya meza, "huko Mwadui ulikuwa kitengo gani?"

Mjomba alikaa kimya kidogo.

"Usafiri," alisema. "Nilikuwa naendesha basi la wafanyakazi."

Hakuna aliyesema neno. Mjomba, kwa aibu, aliinama chini kabisa kutafuta chini ya kabati, akinyoosha shingo kuelekea kwenye tochi ya simu yangu. Ndipo yule mama aliposema, "Jamani, ukuta." Vitone vidogo vya nyekundu, buluu na kijani vilikuwa vikitembea ukutani. Mjomba akigeuka kushoto, vinakwenda kulia, akitulia, vinatulia. Tukafuata nuru kinyumenyume mpaka ilikotoka, na pale katikati ya upara wa Mjomba, kwenye alama ya mafuta ya mgando iliyoachwa na kidole gumba alipojifuta jasho gizani, almasi yangu ilikuwa imekaa wima, uso juu. Jasho lilikuwa limeteremka pande zote mbili bila kuisogeza, jambo ambalo kitaalamu lilikuwa ushahidi mzuri zaidi kuliko ule wa sahani. Mkato ndio uliotuokoa. Jiwe lililozubaa lingepanda basi na Mjomba likafika Shinyanga.

"Mzee, usitikisike, una kitu kichwani," alisema kijana wa mkufu, kauli mbaya kuliko zote ambazo angeweza kuzichagua, kwa sababu mtu wa kwetu akiambiwa ana kitu kichwani hujipiga kofi kabla hajauliza ni mdudu gani. Mkono wa Mjomba ulikuwa tayari hewani. Mlinzi aliudaka, mimi nikaudaka ule mwingine, na sonara akashusha miwani ya paji, akaja na kibanio akiwa ameshikilia pumzi, akaling'oa jiwe.

Baada ya hapo suala la kulifunga jiwe halikuwa langu tena. Mimi nilitaka makucha manne, membamba, yanayoliacha jiwe lipate mwanga kila upande. Lakini watu waliokwisha kupiga magoti pamoja juu ya sakafu wanajiona wana hisa. Yule mama aliuliza mchumba wangu anafanya kazi gani. Niliposema ni muuguzi, akasema makucha yatamchania glavu kila siku. Sonara, huku macho yake yakiwa kwa Mjomba, alisema kwamba kwa familia kama yetu angeshauri ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote, ambao hulishika imara zaidi na, ukisuguliwa vizuri, hulifanya jiwe dogo lionekane limeongezeka. Kijana wa mkufu aliunga mkono. Mlinzi pia. Tukaandika ukingo, dhahabu ya karati 18, yaani yenye robo tatu dhahabu halisi, na njano ili kuificha ile rangi ya I.

Sonara aliandika bili kwa mwandiko wa shule za zamani: jiwe, dhahabu, ufundi. Mstari wa mwisho ulisomeka, "Kusafisha jiwe, mafuta: 5,000," na jumla ikanipita bajeti kwa shilingi 5,000 hizo hizo. Mjomba alivaa miwani, akaisoma bili mara ya pili, akaomba kalamu. Chini ya mstari ule akaandika, "Punguzo, kupima jiwe kitaalamu: 5,000."

Sonara aliutazama mstari huo kwa muda mrefu, kisha akaugonga muhuri.