Tarehe ya kwenye boksi haijui joto la Dodoma

Tunabishana kuhusu panadoli iliyokwisha muda mwezi uliopita, huku dawa yenye mwaka mzima mbele ikiiva juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari. Mimi naiogopa zaidi hiyo ya pili.

EXP, yaani tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye boksi, ni ahadi ya kiwanda, tena ya masharti: boksi limefungwa na dawa imetunzwa kama lebo isemavyo, mara nyingi chini ya nyuzi 30. (Ikiandikwa 08/2027, ahadi inafika mwisho wa Agosti, si tarehe mosi.) Oktoba na Novemba hapa Dodoma, kivulini tu mchana joto huvuka nyuzi 30. Chini ya bati, sharti limekwisha kuvunjika.

Wanaosema dawa hudumu kuliko tarehe yake hawajakosea. Jeshi la Marekani limekuwa likipimisha akiba yake tangu 1986. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalihusu dawa 122, na asilimia 88 ya bechi (mafungu yaliyotengenezwa pamoja kiwandani) ziliongezewa angalau mwaka mmoja. Lakini hizo zilikuwa kwenye vifungashio vyake, ghalani. Si vidonge kumi vilivyohesabiwa kwenye kibahasha.

Kwa hiyo kidonge cha panadoli kilichopitwa wiki chache, bado kimezibwa na kimekaa penye ubaridi, sikiiti sumu. Huenda kikapungua nguvu, basi. Duka halina ruhusa ya kukiuza, na ni sawa. Ila dawa mseto ya malaria, antibayotiki na insulini sizibahatishi hata siku moja. Aspirini ikiharibika hunuka siki, walau inakutonya. Nyingi hazitoi dalili yoyote: utameza dozi pungufu, na vijidudu vibaki hai.

Za maji ndizo zinazotuponza zaidi. Amoksilini ya unga ya watoto ikishatiwa maji, sahau EXP ya boksi: kwa kawaida ni siku 7, nyingine 14 zikikaa kwenye friji, fuata lebo. Matone ya macho, wiki 4 tangu kufunguliwa. Insulini iliyofunguliwa, nyingi siku 28, isipate joto la kuzidi nyuzi 30 wala isigande. Asiye na friji atie kichupa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, auweke ndani ya chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, mahali penye kivuli na upepo. Hewa yetu kavu hufanya maji yakauke haraka, na ndiyo yanayopoza. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, chungu hicho hakipozi sana.

Nanyi wa maduka ya dawa muhimu: mkikata pakiti, anzeni upande usio na tarehe. Na kibahasha kina nafasi ya kutosha kuandika EXP kwa kalamu.