Krismasi Si Siku ya Kusomeana Hesabu

Kila Desemba familia za Malindi hupanga mambo mengi kwa uangalifu mkubwa. Mbuzi hutafutwa mapema kabla bei haijapanda, mchele wa pilau hununuliwa, tenti na viti huagizwa, nauli za wanaotoka bara hutumwa kwa simu. Kitu kimoja tu huachwa kijipange chenyewe, nacho ni maneno. Watu wakishakula, mzee anasimama, maiki inaanza kupita mkono kwa mkono, na kuanzia hapo hakuna anayejua tutaishia wapi.

Mimi naamini hapo ndipo sikukuu nyingi zinapoharibika. Chakula kikikosa chumvi watu husahau kabla ya jua kuzama, lakini neno lililosemwa mbele ya ukoo mzima mtu huondoka nalo. Utasikia mjomba ameanza vizuri na shukrani, mara ameingia kwenye shamba la huko Ganda ambalo halijagawanywa, mara anataja nani alichanga na nani hakuchanga kwenye matanga ya mwezi wa nane. Akitoka hapo anamgeukia binti wa ndugu yake na kumuuliza ataleta mkwe lini. Binti anacheka, na wote wanacheka. Mwaka unaofuata binti ana udhuru wa kazini. Wa tatu pia. Baadaye wazee wanakaa barazani wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kwao.

Wanapapenda sana. Wanachokikimbia ni ile nusu saa ya maiki.

Na tukumbuke Desemba yetu ilivyo. Kwa watu wengi nchini, Krismasi ni likizo, lakini kwa Malindi na Watamu huu ndio msimu wa kazi. Kaskazi imeshaanza kuvuma, wageni wamejaa hotelini, Wataliano wamerudi kwenye nyumba zao, watu wa Nairobi wameteremka na watoto wao kuja kuogelea. Mpishi, mhudumu, mlinzi, dereva wa tuktuk, kijana wa kuwatembeza wageni ufukweni, wote hao tarehe 25 ndiyo siku yao ya kutafuta. Kwa hiyo mkusanyiko wa nyumbani unabanwa katikati ya shifti. Yuko aliyetoka zamu ya usiku na macho mekundu, yuko anayetakiwa kuripoti saa kumi na moja jioni. Ukimkalisha mtu huyo chini ya tenti akisikiliza kesi ya mipaka ya shamba, umemnyang'anya saa pekee aliyokuwa nayo ya kukaa na mama yake.

Wengine wanakuja na mzigo usioonekana. Kuna aliyeachishwa kazi akawa hajamwambia mkewe. Kuna aliyechukua mkopo wa simu ili asionekane amekuja mikono mitupu, na anajua Januari shule zikifunguliwa karo itamsubiri mlangoni. Njaanuari haimwonei huruma mtu. Watu kama hawa ndio wanaoumia zaidi hotuba inapogeuka kikao cha hesabu, kwa sababu mwaka wenyewe ulishawaumiza.

Nasema haya kwa kuwa naipenda hotuba. Nisingependa kabisa iondolewe. Pwani hii ni ya watu wanaothamini mtu ajuaye kusema, na mkusanyiko usio na neno hubaki kuwa ulaji tu. Ninachotaka ni tuichukulie hotuba kama tunavyoichukulia pilau: apewe anayeiweza, aambiwe mapema, na apime.

Kupima kwenyewe kunaanza na urefu. Hotuba ya kwanza kabisa ya Krismasi, kama tunavyoisoma katika Injili ya Luka, ilitolewa usiku kwa wachungaji wa mifugo kondeni. Malaika aliwatoa hofu kwanza, akawapa habari, akawapa ishara ya kumtambua mtoto, akamaliza. Kilichofuata ni kwaya. Nimewahi kuwasikia wahubiri wakiifafanua sehemu hiyo kwa saa nzima, na kila mara nabaki nikiwaza kwamba aliyetumwa na Mungu mwenyewe hakuhitaji muda huo.

Mfano mwingine ni wa kidunia. Mwaka 1932, Mfalme George wa Tano wa Uingereza alitoa salamu zake za kwanza za Krismasi kwa redio, akiwa Sandringham. Maneno aliandikiwa na mwandishi Rudyard Kipling, na yote kwa jumla yalikuwa 251. Himaya ile ilikuwa na dhuluma zake na sisi huku tulizionja, sina haja ya kuipamba. Lakini aliyeandika salamu zile alijua kitu kimoja kuhusu sikukuu: aliwataja waliotengwa na theluji, jangwa au bahari, ambao ni sauti tu inayoweza kuwafikia. Aliwafikiria wasiokuwepo. Nyumba ngapi za Malindi leo zina binti anayefanya kazi za nyumbani Saudia, au kijana aliye melini? Mtu huyo akitajwa kwa jina, simu ikiwa imeshikwa juu ili asikie, machozi yake huko aliko ni ya kheri. Nimeona simu hiyo ikizungushwa kutoka kwa bibi hadi kwa kitoto ambacho hakijawahi kumwona shangazi yake. Watu wazima walinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Basi hotuba ya Krismasi iseme nini? Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni kutaja watu na kushukuru, kwa majina na kwa matendo. "Tunawashukuru akina mama" haimgusi mtu yeyote. Nenda nyuma ya nyumba uangalie. Utamkuta mke wa kaka mkubwa amejifunga leso kiunoni, anapanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria ili pilau ikauke vizuri, moshi unamfuata kila anakohamia kwa sababu kaskazi haitulii. Amesimama hapo tangu alfajiri. Huko mbele wanaume wanamsifu kwa spika, na yeye hasikii kitu ila mngurumo. Mimi ningeweka sharti moja katika kila familia: asisimame mtu kusema mpaka waliopika wametoka jikoni, wamenawa, wameketi viti vya mbele na sahani zao. Kisha atajwe aliyepika pilau, atajwe aliyekuna nazi, atajwe kijana aliyekwenda kuteka maji mifereji ilipokauka.

Na wapewe maiki pia. Orodha zetu za wasemaji ni babu, baba mkubwa, mjomba, mchungaji, halafu "mama mmoja afunge kwa maombi". Wanaojua hali halisi ya ukoo, nani anaumwa, mtoto gani hajalipiwa karo, nani na nani hawasalimiani, ni akina shangazi. Siku shangazi anapopewa nafasi ya kusema, na si ya kuomba tu, watu hukaa sawa kwenye viti.

Ukoo wetu wa pwani una jambo jingine la kuangaliwa. Ni nadra mkusanyiko wa Krismasi Malindi kuwa wa Wakristo watupu. Mashemeji Waislamu wapo, majirani wa Shella na Maweni wapo, kama sisi tulivyokuwa kwao sikukuu ya Idi. Nyumba zenye adabu humwita jirani Mwislamu achinje mbuzi ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Huo ni ustaarabu wa zamani na ninauheshimu sana. Inakuwaje basi aliyeangaliwa hivyo upande wa nyama asiangaliwe upande wa maneno? Msemaji anayeigeuza shukrani kuwa mahubiri ya kumwongoa jirani aliyekuja kula naye amevunja kitu ambacho kisu kilikuwa kimekihifadhi. Sala ya Kikristo isaliwe, ni siku yetu, hakuna anayechukia. Mashindano ya dini yabaki nje ya uzio.

Wanasiasa sitawapa nafasi kubwa hapa, kama ambavyo sitaki wapewe huko. Uchaguzi wa 2027 umeshaanza kunukia kwenye kila hafla. Mheshimiwa akipita, asalimiwe, apewe sahani na soda, aketi na watu. Maiki apewe siku nyingine.

Jambo gumu zaidi ni wafiwa. Katika mkusanyiko wowote kuna aliyezika mwaka huo. Wasemaji wengi huogopa kumtaja marehemu wakidhani wataharibu furaha, na ukimya huo ndio unaomkata mjane, kwa sababu yeye tangu asubuhi anamwona kwenye kila kiti. Wengine hufanya kinyume, wanarudia matanga yote upya mpaka watu wanaangua vilio. Nafikiri jina litajwe mara moja, mwanzoni, kwa utulivu, pamoja na kitu kimoja alichokipenda au alichokifanya siku kama hii. "Mwaka jana saa hizi baba alikuwa chini ya mwembe ule akiwagawia watoto maembe." Inatosha. Aliyefiwa anajua kwamba hajaachwa peke yake na kumbukumbu, na wengine wanapata ruhusa ya kuendelea kula.

Kwa wale wanaoombwa kusema na matumbo yanawakoroga, nina machache ya kuwapa. Andika karatasi ndogo, majina ya watu unaotaka kuwashukuru na kwa nini, usiandike zaidi ya hapo. Sentensi ya kwanza ishike kwa kichwa, maana hofu hukaa kwenye sentensi ya kwanza. Usianze na "mimi sina mengi ya kusema", kwa sababu walioanza hivyo ndio wanaotuchelewesha. Huku kwetu wazee wana njia nzuri ya kuwakusanya watu: anasimama anasema "Taireni!" na wote wanaitikia "Za Mulungu!" Mwito huo unafanya kazi ambayo kugonga maiki na kusema "helo, helo" haitaifanya kamwe, kwa kuwa kila mtu ameshatoa sauti na sasa yuko ndani ya shughuli. Kama ni nyumba ya kilokole, "Bwana asifiwe" inafanya vilevile.

Angalia pia unaposimama. Wakati huu upepo unatoka upande wa bahari, na ukisimama umeuelekea, sauti yako inarudi nyuma yako na walioketi mbele wanaona midomo tu. Simama upande wa baharini, uwape upepo mgongo, ukusukumie maneno kwa watu. Mwombe jirani apunguze muziki kwa dakika tano, hatakataa. Na usiseme kabla ya kula. Watoto wana njaa, wali unapoa, na karibu ni neno moja tu. Subiri watu wawe wamekula na chai inamiminwa, lakini usisubiri hadi wa shifti ya jioni wameondoka na waliokunywa mnazi wamechangamka kupita kiasi. Aliyekunywa asipewe maiki, hata awe mkubwa kiasi gani. Akalishwe kwa heshima karibu na mtu anayempenda.

Na wewe unayeogopa kwenda kwa sababu ya maswali, nenda. Kaa karibu na wale wanaokutakia mema, si lazima ukae meza ya wakubwa. Ukiulizwa hadharani kuhusu ndoa, mtoto au kazi, mwambie shangazi kwa upole, "Niombee, shangazi, tutaongea tukiwa wawili," kisha mgeuzie mazungumzo kwa kumuuliza habari za miguu yake au za shamba. Wengi huuliza kwa mapenzi ila hawajui pa kuuliza. Ukiona moyo unazidiwa, ondoka mapema kwa adabu, umeaga, umebeba sahani ya jirani. Usikope ili uonekane. Kilo mbili za sukari ulizoletea nyumba kutoka mfukoni mwako zina heshima kuliko kreti za soda za mkopo, na mama yako angelijua deni hilo, soda isingemshuka kooni.

Mambo ya fedha na mashamba najua hayawezi kukwepwa, kwa sababu Desemba ndio wakati pekee wote tuko pamoja, na yanahitaji kuzungumzwa. Yatengewe siku yake. Tarehe 27 asubuhi inafaa, kabla jua halijawa kali na kabla mabasi ya kurudi bara hayajaanza kubeba watu. Waitwe wanaohusika tu, waketi ndani, pawepo daftari na mtu mmoja wa kuandika, na aliyepungukiwa aweze kusema "mwaka huu sikuweza" mbele ya watu wanne badala ya ukoo mzima. Watoto wapelekwe ufukweni na binamu zao wakubwa mpaka saa sita, wapewe maembe na maji ya kunywa, wasirudi kabla ya kikao kuisha.