Miguu haikuvimba: mwaka wetu nyumbani bila ushuhuda mkubwa

Desemba ikianza kuisha unajua kabisa kinachofuata, magrupu yanajaa picha na shuhuda, huyu kapata kazi, yule kahamia kwake, mwingine kaolewa, na kanisani foleni ya wanaotaka kushuhudia inafika mlangoni. Sina neno nao, mtu akitendewa aseme, tena aseme kwa sauti. Ninachofikiria mimi ni zile nyumba kama yetu ambazo mwaka mzima hakikutokea kitu cha kusimama nacho mbele ya watu na maiki mkononi, na ukijilazimisha kutafuta unajikuta unaanza kutia chumvi mbele za Mungu ambaye yeye alikuwepo anaona kila kitu.

Maana mwaka wetu kwa hesabu za kawaida ulikuwa mgumu. Mume wangu alipunguzwa kazini na mpaka naandika hapa anaokoteza vibarua. Mama mkwe alipata kiharusi akahamia kwetu, kwa hiyo chumba cha watoto kikawa chake na watoto wakahamishia magodoro sebuleni. Binti yetu mkubwa naye akafika ule umri, wakati wa sala ya jioni anakaa hapo amekunja mikono, haimbi, hasemi amina, anasubiri tumalize. Ndo mwaka huo sasa. Unaenda kushuhudia nini hapo?

Jioni moja tukakaa wenyewe tuuangalie mwaka, bila mgeni, simu zikawekwa mbali, baba yao akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 8. Pale Musa anawaambia Israeli waikumbuke njia yote waliyoongozwa miaka 40 jangwani, na anaposema njia yote ndo yote kweli, hata njaa ameitaja. Nimeisoma hiyo sura sijui mara ngapi lakini safari hii mstari wa 4 ulinigandisha: "Mavazi yako hayakuchakaa, wala mguu wako haukuvimba, miaka hii arobaini." Hebu fikiria. Hawa watu wamepita katikati ya bahari, wamekunywa maji yaliyotoka kwenye mwamba, halafu Musa anawakumbusha habari za miguu. Nani umewahi kumsikia amesimama kanisani anashukuru kwamba miguu yake haijavimba? Haiwezi kuonekana hiyo kwa sababu ni jambo ambalo halikutokea, na nina hakika kule jangwani wengi walikuwa wanalalamikia chakula huku wanatembea vizuri tu kwa miguu hiyohiyo.

Mi naamini sehemu kubwa ya mwaka wa familia ya Kikristo iko kwenye huo mstari, na tunaipoteza kwa sababu tumezoeshwa kushukuru kwa vitu vinavyopigika picha tu.

Basi tukaanza kutafuta miguu yetu isiyovimba. Kitinda mimba ndo akaanza, akasema bibi amemfundisha kufunga kamba za viatu. Nikataka kucheka maana mkono mmoja wa bibi haufanyi kazi, atamfundishaje mtu kufunga kamba? Kumbe wana mtindo wao, mtoto anashika upande mmoja, bibi anavuta upande wa pili kwa mkono ulio mzima, kitanzi kikitoka wanakibana pamoja na kidole cha mtoto katikati, na hatoki nyumbani asubuhi kabla viatu vyote viwili havijaisha hata kama amechelewa. Kwa miezi mimi nilikuwa nawasikia kule chumbani wanabishana nikidhani bibi anagomea dawa.

Baba yao akasema kwake yeye ni kuwepo nyumbani watoto wanaporudi kutoka shule, hakuongeza. Binti mkubwa tulidhani atapita, akasema, "Hamkuniuliza kila siku." Akanyamaza. Nilikuwa na mstari wa Biblia umeshanifika ulimini kabisa, mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, na huo nao ulikuwa mguu wa kushukuru sijui.

Sasa hapa niseme kitu maana najua kuna anayesoma ambaye mwaka wake miguu ilivimba kweli, amezika, au ndoa imevunjika. Usije ukamwendea mtu wa hivyo na hii habari ya kuhesabu baraka ndogondogo, huo ni ukatili umevaa suti ya jumapili. Biblia yenyewe haimharakishi mtu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa mwisho wa kupoza mambo, na hakuna aliyeitoa kwenye kitabu cha sala eti inakatisha tamaa. Hata lile jiwe la Ebenezeri, yaani jiwe la msaada alilolisimamisha Samweli, tunalolipenda mwisho wa mwaka, "hata sasa BWANA ametusaidia", liko 1 Samweli 7, ila rudi sura ya 4 uone jina hilo linatajwa wapi mara ya kwanza. Ni pale Israeli walipopiga kambi wakachapwa na Wafilisti, wakafa askari 30,000 na sanduku la agano likachukuliwa. Mpaka Samweli anasimamisha jiwe ilishapita miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo kama mwaka huu nyumba yako bado iko sura ya 4, hakuna anayekudai jiwe tarehe 31.

Wamethodisti wana ibada ya kufanya upya agano lao na Mungu, mwanzilishi wao John Wesley aliianzisha 1755 na wengi wao huifanya mwanzoni mwa mwaka. Katika sala yake mtu anamwambia Mungu yuko tayari kutumiwa na yuko tayari pia kuwekwa pembeni. Sisi sio Wamethodisti lakini mume wangu ameinakili kwenye karatasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Hajanieleza kwa nini na sijamuuliza, mtu aliyepunguzwa kazini ana haki ya kuwa na lake na Mungu.

Kesha la mwaka mpya tutaenda kama kawaida. Mama mkwe ametangaza kwamba safari hii kwenye kipindi cha ushuhuda atasimama yeye, na ya kusema hajatuambia. Maneno yake bado yanatoka moja moja, kwa hiyo wenye ratiba wajipange.