Kibao cha saluni na bango la bia

Mtu wa Kampala akikuelekeza kwake, hakutajii namba ya nyumba. Atakuambia: panda teksi ya Nateete, shuka steji fulani, utaona kibao cha duka la dawa, pinda hapo, kisha nipigie. Mitaa yetu mingi ina majina kwenye ramani tu. Aliyezaliwa pale anaitambua kwa kinyozi, kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai), kwa ukuta uliopakwa rangi ya njano. Kwetu kibao ndicho anwani. Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo ya kanuni za mabango nchini Uganda huanzia kwenye ada au kwenye usafi wa jiji, na tangu hatua hiyo ya kwanza kibao kinachosema "nipo hapa" kinatiwa gunia moja na bango linalosema "nunua hiki".

Kuna dada ninayemfahamu, ana saluni katika mji mmoja kando ya barabara kuu ya kwenda mashariki. Kibao chake kilikuwa kipande cha bati juu ya miguu miwili ya chuma, na picha ya mwanamke mwenye nywele za kusuka iliyochorwa na fundi wa mtaani. Asubuhi moja askari wa halmashauri walikuja na gari, wakaking'oa na kukitupa nyuma pamoja na vingine. Walimwambia kimesimama ndani ya hifadhi ya barabara na hakina kibali. Yote mawili yalikuwa kweli, wala yeye hakubisha. Kilichomkera ni bango la bia, lenye mguu mnene kama mnazi, lililosimama hatua chache mbele yake ndani ya hifadhi ile ile. Hilo halikuguswa. Lilikuwa limelipiwa.

Ni rahisi hapo kuwatukana askari na kufunga mjadala. Lakini halmashauri nazo zina hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Hifadhi ya barabara haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ndimo mnamopita mitaro, mabomba na nguzo za umeme, na ndimo barabara inamopanuliwa siku ikifika. Bati lililosimamishwa kwenye kona humficha boda anayetokea upande wa pili. Bango kubwa lisilokaguliwa na mhandisi ni hatari nyingine: upepo wa mvua za Aprili ukilikamata, linakuwa tanga. Siku hizi pia kuna skrini za umeme kwenye makutano ya jijini, zinazobadilisha picha usiku usoni mwa dereva anayetafuta mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi. Asiyetaka kanuni yoyote hajawahi kuendesha gari usiku kwenye barabara ya Jinja.

Halafu kuna pesa. Mapato ya ndani ya serikali za mitaa ni madogo, sehemu kubwa ya bajeti hutoka serikali kuu, na nyingi ya fedha hizo huja zikiwa na kazi yake tayari. Mwaka 2020 Jinja, Mbarara, Gulu, Mbale na wenzao walipandishwa kuwa majiji. Hadhi ilifika siku moja, mapato hayakufika nayo. Kwa mtunza hazina wa jiji changa, bango ni mlipaji mzuri kuliko wote: halihami usiku na halijifichi, na mwenye nalo ni kampuni yenye akaunti benki. Kusema halmashauri ziache kutoza mabango ni kuwaambia wazoa taka wafanye kazi bure.

Lakini ada lazima iwe na mzizi. Ibara ya 191 ya Katiba inaziruhusu serikali za mitaa kutoza ada na kodi kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, si kwa matakwa ya ofisa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inazipa wilaya uwezo wa kutunga kanuni zao, ila kanuni hizo zinapita kwa waziri na kwa Mwanasheria Mkuu kabla ya kuwa na nguvu. Safari hiyo ni ndefu, na karatasi fupi yenye muhuri inavutia zaidi. Mfanyabiashara mkubwa akitozwa kwa karatasi ya namna hiyo, ana wakili wa kuuliza imetoka kifungu gani. Mwenye saluni hana.

Juu ya hayo, ardhi ya hifadhi ya barabara ina wenyewe wawili. Barabara kuu ya taifa ilikuwa chini ya mamlaka ya barabara, UNRA, mpaka shughuli zake ziliporudishwa Wizara ya Ujenzi baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuifuta mwaka 2024. Mji ambao barabara inaukata katikati uko chini ya halmashauri. Kwa hiyo mtu wa Lugazi au Busia anaweza kuwa na risiti ya mji mfukoni na bado akaambiwa yuko kwenye barabara ya taifa. Kampuni ya mabango ina mtu wa kuzunguka ofisi zote mbili, na huo mzunguko umo ndani ya bei anayolipa mteja wake.

Wapo wanaosema tufanye kama São Paulo ya Brazili, ambako sheria ya mwaka 2006 ilianza kutumika Januari 2007 na mabango makubwa yapatayo 15,000 yakaondolewa. Mfano huo husimuliwa nusu. Sheria ile haikufuta vibao vya maduka, bali ilivipimia. Jengo ambalo upande wake wa mbele haufiki mita 10 liliruhusiwa kibao cha mita moja na nusu ya mraba, na lenye upande mpana zaidi, mpaka mita 100, likapewa mita nne za mraba. Mwenye duka aliijua haki yake kwa kushika futi tu. Sisi tukiiga, nahofu tutaiga nusu ya kung'oa na kuisahau ile ya kupima.

Kuta zilizopakwa rangi ndizo zinanitatiza zaidi. Pita barabara yoyote ya Uganda uone nyumba zilizopakwa njano ya MTN na nyekundu ya Airtel, kampuni za simu, dirisha mpaka msingi. Mwenye kiduka amepata rangi bure, ukuta wake haumomonyoki, na jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya mlango. Hilo ni tangazo au ni nyumba? Nikiwa halmashauri ningesema ni tangazo, tena kubwa kuliko bango. Nikiwa mwenye kiduka ningesema ni rangi. Nadhani wote wawili wana haki, na ndiyo maana ada ya ukuta huo inapaswa kumfuata aliyeleta ndoo ya rangi, si aliyekubali ukuta wake upakwe.

Kuhusu kinachoandikwa sina mashaka kama hayo. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku matangazo ya sigara, na sijaona mji uliofilisika kwa hilo. Kamari ni kinyume chake: sheria ya 2016 haimruhusu aliye chini ya miaka 25 kucheza, lakini bango lake humtazama mtoto wa shule ya msingi asubuhi na jioni. (Na Kiswahili chetu, kilichotajwa katika Katiba tangu 2005 kuwa lugha ya pili rasmi, ukikitafuta mitaani utakipata zaidi kwenye karatasi za waganga zilizobandikwa nguzo za umeme. Waganga walilitekeleza agizo kabla ya serikali.)

Mimi ningetenganisha daftari. Kibao kimoja kwa kila biashara, kilichobandikwa ukutani kwake, chenye kipimo kinachojulikana, kiingie ndani ya leseni ya biashara bila ada nyingine wala foleni nyingine. Kila kinachotangaza bidhaa ya mtu mwingine kitozwe kwa mita ya mraba, kwa kanuni iliyopita njia yake yote, na skrini zitozwe zaidi na zipunguzwe mwanga usiku. Najua mtunza hazina atauliza pengo la vibao vidogo litazibwa na nini. Namjibu ahesabu kwanza mafuta ya gari la kung'olea bati, na mishahara ya waliopanda ndani yake, halafu tulinganishe.

Ukutani peke yake hakuwezi kumsaidia kila mtu, nakiri. Saluni ya dada huyo iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, haionekani kutoka barabarani. Sasa jina lake limechorwa mlangoni, ambako anayelisoma amekwisha kufika. Mteja mpya akimpigia simu, anamwelekeza hivi: shuka chini ya bango la bia.